Simu Imevaa Kioo, na Picha za Mabibi Harusi Je?



Najua wengi mnangoja makala ya vitambaa vya magauni ya msimu huu, nayo inshaAllah inakuja. Leo naomba mniruhusu nizungumze habari ya simu. Tangu Septemba haipiti wiki dukani kwangu bila ya mtu kuniuliza. Bibi harusi kaja kupima gauni, kafuatana na somo yake na mawifi watatu, wanakaa kwenye mkeka kungoja zamu, mmoja anatoa simu na kusema, "Jamani, hii yangu imekuwa kama kioo cha kabati, nimeiharibu?" Mwengine anamjibu hujaiharibu, umeiapdeti. Basi mazungumzo ya gauni yanakufa hapo hapo.

Wanazungumzia iOS 26, mfumo mpya wa simu za iPhone. Apple waliutangaza tarehe 9 Juni 2025 na wakautoa kwa watu wote tarehe 15 Septemba. Ukijiuliza vipi kutoka 18 tukaruka mpaka 26, ni kwamba sasa wanafuata namba ya mwaka, hamna toleo lililokupita. Sura mpya wameiita Liquid Glass. Vitufe, menyu na vibao vya ujumbe vyote vimekuwa kama vipande vya kioo, unaona kilichopo nyuma yake.

Nitakwambieni nilivyouona mie kama mshoni. Sura hii ni shifoni bila ya bitana. Ukiitundika dukani inang'aa, mashallah, kila anayepita anageuza shingo. Lakini mvae mtu, mtoe juani, ndipo utajua kwa nini fundi mzuri hakubali kushona shifoni tupu. Maandishi juu ya kioo yanapendeza kama nyuma yake pana rangi moja iliyotulia. Nyuma yake pakiwa na picha ya maua na watoto saba, macho yanahangaika. Sikuwa peke yangu kusema hivi, maana duniani kote watu walilalamika kuwa hawasomi vizuri, na mwezi wa Novemba kwenye toleo la 26.1 Apple wakaweka chaguo la kukipa kioo rangi ili kisipenye sana. Yaani wametia bitana. Chaguo hilo limo ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kioo na mwangaza. Na kama macho bado yanapata tabu, kwenye sehemu ya mipangilio ya wenye mahitaji maalumu mna chaguo la kupunguza upenyevu kabisa na la kuyanenepesha maandishi. Mama yangu nilimuwekea yote mawili, na herufi nikamkuzia. Sasa anasoma meseji zake bila ya kuniita.

Wifi yangu, yeye anaipenda kama ilivyo na hataki kusikia neno. Haya, kila mtu na nguo yake.

Kuna jambo dogo nimelipenda sana, nalo ni kengele ya alfajiri. Miaka yote ukibonyeza simu ikuache ulale kidogo, ilikuwa ikikuacha dakika 9, wala hukuulizwa unataka ngapi. Sasa unachagua mwenyewe, kuanzia dakika 1 mpaka 15. Mie nimeweka 3. Na kwenye 26.1 kuizima kengele kunataka utelezeshe kidole, si kugusa tu. Wenye tabia ya kuizima simu usingizini halafu wakaamka jua limechomoza, hii imewafaa. Mimi ni mmoja wao, Allah anisamehe.

Chaji siku mbili za mwanzo ilikwenda mbio. Msiogope. Simu ikishasasishwa inapanga mambo yake ndani kwa ndani, na Apple wenyewe wameeleza kuwa hali hiyo ni ya muda. Yangu ilitulia siku ya tatu.

Hayo ndiyo yanayozungumzwa kwenye mkeka wangu. Nililotaka kukwambieni hasa ni jengine, na limenichukua muda kupata ujasiri wa kuliandika.

Simu yangu ni ya kazi. Ndani yake mna picha za magauni niliyoshona tangu nilipomaliza kozi ya ushoni nikanunua cherehani yangu ya kwanza. Gauni halipigiwi picha likiwa limetundikwa tu. Nampiga bibi harusi amelivaa, mbele, ubavuni na mgongoni, ili nione wapi panavuta na wapi pamelegea. Pale dukani mlango umefungwa, sote wanawake, kichwa kiko wazi, mikono iko wazi, mara nyengine gauni lenyewe bado lina pini tu mgongoni. Wengine wananitumia kwa WhatsApp picha walizopigwa siku ya singo, niangalie rangi ya hina iendane na kitambaa, na WhatsApp nayo, usipoizuia, inazimwaga zote kwenye sehemu ya Picha. Hesabuni wenyewe mna nini humo ndani.

Sasa usiku mmoja, mwisho wa Novemba, nimemaliza kazi, nikasema nichezee simu yangu mpya. Mnajua iOS 26 inaweza kuifanya picha ya kawaida ionekane kama ina kina, ukiitikisa simu mtu anatoka mbele ya ukuta? Nikawa najaribu hiyo kwa picha za watoto wa dada yangu. Kutoka hapo nikaingia kwenye picha ya mbele inayobadilika yenyewe. Simu inakuuliza unataka picha za aina gani, za watu, za miji, za mandhari. Nikachagua watu. Ikaniletea nyuso, mviringo mviringo, zimeshatiwa alama. Niliwaona watoto wa dada yangu wawili wa mwanzo, nikaridhika, nikabonyeza kukubali bila ya kushuka chini. Nikaiambia ibadilishe kila ninapoigusa.

Asubuhi yake nikaenda Mchangani kununua lesi. Muuzaji ni mwanamme wa makamo, mtu wa heshima, nanunua kwake miaka. Simu nimeiweka juu ya meza ya kukatia. Nikaigusa nione saa.

Akatoka bibi harusi wangu wa wiki mbili nyuma. Kichwa wazi, mabega wazi, anacheka, ameugeuza mgongo uliojaa pini. Kioo kizima.

Niliifunika kwa kiganja. Kama muuzaji aliona au hakuona, sijui mpaka leo. Alikuwa anapima lesi, na aliendelea kupima. Mimi nilisahau hata mita ngapi nilitaka.

Simlaumu mtu wala kampuni. Simu iliniuliza, na kidole kilichokubali ni changu. Uso wa yule dada ulikuwemo miongoni mwa zile nyuso kwa sababu nilimpiga picha nyingi kwa vile gauni lake lilinitesa, na simu ikadhani ni mtu wangu wa karibu. Haijui nani ni mtoto wa dada na nani ni mteja. Haijui nani ni mahram.

Niliporudi dukani nilikaa na mawazo mawili. La kwanza lilisema nyamaza, hakuna aliyeona, kwa nini umtie mtu simanzi na ndoa yake changa. La pili lilisema hiki ni kitu chake, si chako. Suratu An-Nur, aya ya 31, imewataja watu ambao mwanamke anaweza kudhihirisha mapambo yake mbele yao, na muuzaji wa lesi hamo. Mie si mwanazuoni wala sitoi fatwa, lakini nikajua kwamba kama ingekuwa picha yangu ningetaka kuambiwa. Nikampigia. Nikamweleza lote, pamoja na la kubonyeza bila ya kusoma.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ipi?" Nikamwambia ile ya mgongo. Akanyamaza tena. Akasema nimekusamehe dada, lakini zifute zote, hata zile nzuri. Nikazifuta tukiwa tungali kwenye simu.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hata hilo la kufuta nusura nilikosee. Picha uliyoifuta kwenye iPhone haijaondoka. Inahamia kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni na inakaa humo siku 30, labda uingie uzifute tena kwa mara ya pili. Nimewauliza wapambaji wanne ninaofanya nao kazi. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akijua.

Maoni yangu basi ni haya: sisi tunaoshughulika na mabibi harusi tumeupokea mfumo huu kama watu wanaopokea nguo ya sikukuu, tunaangalia rangi. Toleo jipya linapokuja na vioo vya kuonyeshea picha mahala pengi zaidi, swali letu la kwanza lingekuwa ni picha zipi zitatokea humo. Tena vitu vya kuzilinda tunavyo mikononi na tumevipita. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022 albamu ya zilizofichwa inafungwa kwa uso wako au namba yako ya siri. Picha ukiificha humo haionekani na zengine, haitokei kwenye picha ya mbele, wala simu haiifanyii kumbukumbu na muziki. Na tangu iOS 18 ya 2024 unaweza kuifunga programu nzima. Bonyeza alama yake kwa muda mpaka itoke orodha, uchague ihitaji uso wako. Sehemu ya Picha inafungika, na WhatsApp inafungika. Kitabu cha maandishi ambamo naandika vipimo vya watu nacho nimekifunga, maana kiuno na kifua cha mwanamke aliyeniamini si habari ya kusomwa na mtoto aliyeomba simu acheze. Kisha kwenye mipangilio ya Picha mna swichi ya kuizuia simu isikuletee picha ilizozichagua yenyewe. Izimeni.

Jengine la 26.1 ambalo halikupigiwa kelele lakini dukani limenisaidia: unaweza kuzuia kamera isifunguke kwa kutelezesha kidole simu ikiwa imefungwa. Watoto wanaofuatana na mama zao kwenye kupima nguo, hilo ndilo la mwanzo wanalolijua.

(Wenzangu wa nikabu mtaniuliza habari ya uso. Kuanzia iPhone 12 mna chaguo la kuitaka simu ikutambue kwa sehemu ya macho, lilikuja na barakoa za korona. Kwangu siku nyengine linanikubali, siku nyengine linataka namba. Namba naiandika nimeipa watu mgongo.)

Mtu ataniambia, dawa ni moja tu, simu zisiingie kwenye shughuli za wanawake. Nimeziona kadi za mwaliko siku hizi zimeandikwa hivyo, na mlangoni pa ukumbi anakaa mama na kapu anakusanya. Ni jambo zuri na naliunga mkono. Lakini kapu linachukua simu ya shangazi aliyetaka kupiga picha moja ya keki. Simu ya mpiga picha imo ndani. Ya mpambaji imo. Yangu mie fundi imo, na mimi nimeshapiga nyingi kabla hata ukumbi haujakodiwa. Watu walioachwa nje ya kapu ndio wenye picha za karibu kuliko wote. Kwa hivyo masharti ya bibi harusi yaanze kwetu.

Kuna na hili la akaunti, nalo nadhani ni kubwa kuliko kioo na kengele. Wengi wetu simu tumenunua dukani ikiwa tayari imefunguliwa, na aliyetufungulia akaunti ya Apple ni kijana wa dukani. Kaweka jina analolijua yeye na neno la siri analolijua yeye. Sasa ukishasasisha, simu inauliza neno la siri, ndipo unajua kwamba hulijui. Aliniletea simu mteja mmoja mwezi uliopita, nikamsaidia kuangalia. Akaunti haikuwa yake, wala anuani ya barua pepe haikuwa yake, na kuhifadhi picha mtandaoni kumewashwa. Yaani picha zake za singo zilikuwa zinapanda kwenye akaunti ambayo ufunguo wake anao kijana asiyemjua hata jina. Sisemi kijana yule aliangalia. Huenda hakumbuki kabisa. Lakini ungempa mwanamme usiyemjua ufunguo wa kabati lako la nguo, ukatulia kwa sababu huenda hakumbuki liko wapi?

Na mke na mume kutumia akaunti moja, mie siingilii nyumba za watu. Picha zako na za mumeo ni zenu. Ila kama wewe ni mpambaji, basi zile za wateja zinamfikia yeye pia, nao hawakuolewa naye. Fungua akaunti yako, kwa barua pepe yako, na neno la siri liandike kwenye daftari ulifiche na vyeti. Nafasi ya bure mtandaoni ni gigabaiti 5 tu, picha za harusi moja zinaijaza, kwa hivyo nakala za kazi mie nimezihamishia kwenye diski ya kompyuta iliyo ndani ya kabati langu.

Wenye XR, XS na XS Max, kama simu yenu haijaletewa iOS 26, haitaletwa. Mfumo huu unaanzia iPhone 11. Usikubali mtu akakwambia simu yako imekufa ili akuuzie nyengine kwa pesa ya mahari. Apple wameendelea kutoa marekebisho ya usalama ya iOS 18, yapokeeni hayo, na kufunga albamu na programu nilikokueleza kunafanya kazi huko huko. Bibi harusi mmoja alinambia anataka kubadilisha simu kabla ya harusi ili asione haya mbele ya mawifi kwa kutokuwa na kioo kipya. Nikamwambia pesa hiyo mshonee mama yako nguo. Alicheka, lakini wiki ya pili mama alikuja kupimwa.

Na wenye kutaka kusasisha, msifanye hivyo usiku wa kuamkia shughuli. Inataka nafasi ya gigabaiti kadhaa, inataka intaneti isiyokatika, na umeme wetu mnaujua. Subirini mpaka kazi za watu zishatoka mikononi.

Mie nimebadilisha utaratibu. Siku ya vipimo vya mwanzo, kabla sijatoa utepe, namuuliza bibi harusi mambo matatu: nikupige picha au nisikupige, zikae wapi, na nizifute lini. Mwanzo niliona haya kuuliza, nilihisi kama nawatia wasiwasi watu wenye furaha zao. Wengi wanasema wewe tu, dada, unavyoona. Siku hizi silikubali jibu hilo, nangoja mpaka aseme mwenyewe.

Wa Ijumaa iliyopita alifikiri kidogo, akatoa simu yake kwenye mkoba akanipa. Akasema nipige kwa hii. Nikampiga mgongo na ubavu, tukaziangalia pamoja, nikaona pana sentimita mbili za kupunguza chini ya kwapa, nikaandika kwenye karatasi. Simu yake akairudisha mkobani. Mimi nikabaki na karatasi.